Injini Ina Bei Yake

Stesheni ya Dodoma siku ya treni haina mstaarabu. Wauza zabibu wameinua masinia yao hadi kwenye madirisha ya mabehewa, wapagazi wanatukanana, vumbi limeshika kila kope. Katikati ya vurugu hiyo mwanamume mmoja aliyevaa shati la hariri na viatu vyeupe, viatu vyeupe Dodoma jamani, alikuwa anabishana na mpagazi juu ya injini iliyolazwa kwenye mkokoteni.

Stara binti Mbaruku alikuja kuchukua kifurushi chake cha ringi za pistoni. Kanga ya manjano ilifunika ovaroli yake, na hapo ndipo watu wengi walipokosea. Aliinama, akaishika krenki ya ile injini kwa mkono, akaitikisa.

"Hii imenoki, krenki inacheza," alisema.

"Dada, utachafuka," alisema mwenye viatu.

"Na wewe utaibiwa. Unaipeleka wapi?"

"Dar, ikatengenezwe. Ni ya Datsun ya mashindano, ile ya milango miwili. Si kila fundi anaijua."

"Na Dodoma mafundi wamekufa?"

"Nionyeshe mmoja."

"Unaongea naye."

Mwanamume alicheka. Halafu akaiona mikono ya Stara, oili imejificha kwenye kucha hata hina haikuweza kuifunika, akaacha kucheka. Aliitwa Hanifu. Tangu serikali ilipofungua milango ya biashara alikuwa akileta vitenge na redio kutoka Dubai, na lile gari alilikuta Bahi, ghalani kwa mkulima wa mpunga, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mkokoteni ukageuzwa, ukaelekea gereji ya Barabara ya Tisa.

Sasa sikilizeni Stara alipokosea. Marehemu Mbaruku alimwachia binti yake gereji na sheria moja: bei kwanza, spana baadaye. Stara hakuwahi kuivunja. Lakini Hanifu aliegemea mlango, ananukia uturi, akasema, "Wewe fanya kazi, fundi. Bei tutaelewana." Na yeye, mwanamke aliyewahi kumfukuza bosi mzima wa ofisi kwa kauli hiyo hiyo, akaitikia, "Haya." Mapenzi hayo, hakuna cha zaidi.

Hanifu akiwa safarini alipiga simu kwenye hoteli ya Mwantum, jirani wa gereji. Mwantum aliita kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Stara, Dubai inakutaka."

"Injini yangu haijambo?" aliuliza Hanifu.

"Inakusalimu. Imesema usirudi mikono mitupu."

"Na fundi wake?"

"Fundi ana kazi, haongei ongei na wateja."

"Mimi bado mteja tu, laazizi?"

"Mwantum anasikiliza, Hanifu."

"Basi mwambie Mwantum nitakuoa."

"Nimesikia," alisema Mwantum, akiendelea kusukuma chapati.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Krenki ilichongwa Morogoro, pistoni zikatafutwa mpaka Nairobi, valvu akazisaga mwenyewe moja moja mpaka mabega yakamuuma. Gari lenyewe likaletwa kutoka Bahi, injini ikafungwa mahali pake. Ilipowaka, silinda zote sita kwa sauti moja, wauza nyanya wa barabara nzima waliacha kupanga mafungu.

"Laki mbili na themanini," Stara alimwambia Hanifu, akifuta mikono. "Vipuri laki na sitini, risiti hizi hapa. Kuchonga krenki elfu thelathini. Tisini iliyobaki ni mikono yangu ya miezi yote hii. Ulizia kokote, hiyo ni bei ya haki."

Hanifu alitabasamu. "Unanitoza mimi, mpenzi? Ijumaa shangazi anakuja kwenu kuposa. Mtu na mkewe wanatozana?"

"Injini haijui kama unanioa."

"Usijali, nimekusikia. Utaipata yote, hata senti haitapungua."

Stara akaridhika.

Ijumaa shangazi Salwa alifika na wanawake wawili, mabuibui yananukia udi, halua kwenye sinia. Aliyewapokea ni Jamaldini, baba mdogo wa Stara, ambaye alikuwa amekwisha kuigeuza gereji kichwani mwake kuwa duka la mitumba. Binti akiolewa, alisema kila siku, zile spana ziuzwe kwa kilo. Stara alikaa nyuma ya pazia kwa kitenge kipya.

"Mahari tuliyokuja nayo," alisema Salwa, akiweka bahasha juu ya mkeka, "ni laki mbili na themanini. Taslimu."

Vigelegele vikapigwa. Nyuma ya pazia Stara alipiga hesabu. Laki mbili ni mahari, laki tatu ni mahari. Laki mbili na themanini kamili ni vipuri, krenki na jasho. Mwanamume amechukua bei ya injini akaitia kwenye bahasha ya ndoa, akidhani amefanya wema! Akikubali, watu watasema alitengeneza injini kama mchumba anavyopika biriani, na fundi anayefanya bure hahitaji gereji.

Mwari hatoki siku ya posa. Alitoka.

"Shikamoo shangazi. Samahani, hiyo si mahari. Hiyo ni bei ya injini, niliitaja mimi mwenyewe. Mahari bado hamjaleta."

Jamaldini alisimama. "Stara, unatutia aibu."

"Ba'mdogo, mahari ni haki yangu, na ujira wangu ni haki yangu. Haki moja hailipii nyingine."

Salwa aliirudisha bahasha kwenye mkoba polepole. "Mwanangu, Hanifu hatakosa mke."

"Atakosa gari. Halitoki gerejini mpaka lilipwe."

Alasiri simu ikalia kwa Mwantum.

"Umemvunjia heshima shangazi yangu," alisema Hanifu, sauti imekauka. "Pesa yote ilikuwa inaingia mkononi mwako. Ingekupunguzia nini?"

"Siku tukigombana utasema ulilipia nini, mimi au krenki?"

Stara hakumngoja ajibu.

"Mke hanunuliwi. Injini inanunuliwa. Ukivichanganya, mimi ndiye nimenunuliwa, na injini umepewa bure."

"Unanipenda au hunipendi?"

"Nakupenda mpaka nilisahau kutaja bei. Sirudii tena."

Akaweka simu chini, akaenda nyuma ya gereji akalia hasa, kilio cha msiba. Kisha akanawa uso kwa maji ya ndoo, akarudi kwenye Land Rover ya watu wa Chamwino. Wiki zikapita. Tajiri wa Arusha akaja na mabunda ya noti akiitaka ile Datsun. Stara akamwambia gari lina mwenyewe. Jamaldini akaacha kuitikia shikamoo yake.

Jumamosi moja mchana, gereji imejaa, Hanifu alikuja peke yake. Akapanga foleni nyuma ya mwenye trekta, na zamu yake ilipofika akasimama mbele ya Stara.

"Fundi, naulizia injini ya Datsun. Bei gani?"

"Laki tatu."

"Nilisikia mbili na themanini."

"Imelala hapa, ndugu mteja. Betri nani anachaji?"

"Mbili na themanini na tano."

"Huna haja na gari."

"Mbili na tisini, na soda ya watu wote waliopo."

Wateja wakamwomba fundi apunguze. Stara akajifanya anafikiri, huku midomo inamsaliti.

"Lete."

Hanifu akalipa mbele ya kila mtu, naye Stara akamwandikia risiti.

"Nilidhani ukinitoza umenifanya mgeni," alisema Hanifu kwa sauti ya chini. "Kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kunitajia bei. Nilitishika, Stara. Nisamehe."

"Utazoea, laazizi."

Jamaldini, aliyekuwa kwa Mwantum na kikombe chake cha chai, alivuka barabara amekunja uso. "Binti, umemtoza mumeo mbele za watu?"

"Nimemtoza mteja, ba'mdogo," alisema Stara, akimrushia Hanifu funguo. "Mume bado hajaja. Akija na mahari tutampokea nyumbani kwa heshima zote, na Jumatatu yake gereji ataikuta wazi, nami nina spana mkononi."