Kitabu cha Shangazi Mehrun Chaingia Simuni

Asubuhi nyumbani kwetu Lahore huanza kwa chai na ubishi. Mimi hukanda unga wa paratha, chapati zetu za matabaka. Mume wangu Zawar, mchapaji vitabu, hubishana na gazeti. Shangazi yake, Mehrun, hutubishia sote wawili.

Shangazi alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Aliandika kitabu kimoja tu, cha kumtunza mama na mtoto mchanga. Kilichapwa zamani, nakala zikaisha. Sasa macho yake yamefifia. Hajasoma hata mstari mmoja kwa miaka sita.

Mwaka huu mwalimu wa wakunga wa vijijini alitupigia simu. "Nataka kitabu chenu kwenye simu za wanafunzi wangu," alisema. "Nawapa mwezi mmoja. Kisipofaa, nitachukua kingine."

Zawar akacheka. "Kazi ya siku moja hiyo." Akapiga picha kila ukurasa, akaziunganisha, akatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Herufi ni ndogo kama sisimizi. Ukizikuza, mstari unatoka nje ya kioo, unauvuta huku na huku. Tena faili ni zito, limewamalizia watu bando.

"Basi wamekikataa," alisema Shangazi. Chai yake ilipoa mbele yake. Iliniuma sana.

Nikamwita Rubab, jirani wa ghorofa ya juu. Kazi yake ni kutengeneza vitabu vya kusomwa kwenye simu. Alitazama, akatikisa kichwa.

"Kaka Zawar, hiki si kitabu. Umetengeneza albamu ya harusi."

"Harusi ya nani?" akauliza Shangazi.

Rubab akacheka. "Simu inaona picha tu, Shangazi, haioni maneno. Inabidi yachapwe upya, yawe maandishi. Hapo msomaji akikuza herufi, mistari inajipanga yenyewe ndani ya kioo. Na faili linakuwa jepesi."

Nilichapa kurasa mia na kumi kwa wiki mbili. Vidole viliwaka moto. Tukafungua kitabu kwenye simu ya Zawar, naye akanuna.

"Mwandiko gani huu? Herufi zimesimama kama askari wa zamu. Kiurdu huandikwa kikiteremka, herufi ikiegemea nyingine. Watu wetu hawatausoma huu."

"Hapo umesema kweli," alijibu Rubab. "Simu ikikosa mwandiko wetu, inaweka wa kwake. Tutaufungasha mwandiko ndani ya kitabu chenyewe. Ila kwanza tumwombe ruhusa aliyezichora herufi zake."

Tukaomba, tukapewa. Nikadhani tumemaliza.

"Nani amehakiki?" akauliza Rubab.

"Mimi."

"Dada, aliyechapa haoni makosa yake. Soma kwa sauti, mwingine asikilize."

Msikilizaji tulikuwa naye, Shangazi, anayekijua kitabu chake kwa moyo. Nikasoma, yeye akafumba macho. Tukafika kwenye dawa ya mtoto anayeharisha.

"Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa," nikasoma. "Vijiko vya chai sita vya sukari, visawazishwe. Kijiko cha chumvi."

"Rudia."

Nikarudia.

"Nusu," alisema Shangazi. "Nusu kijiko. Chumvi ikizidi inaweza kumuua mtoto. Hivi ni nani aliyekufundisha kupika, binti?"

Nilikuwa nimeruka neno moja tu. Nikalirekebisha palepale, kisha tukasoma kitabu kizima mara mbili.

Rubab alikijaribu kwenye simu tatu, akianza na ile ya bei rahisi kabisa. Tukatuma. Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, mwalimu alipiga. Amekichukua. Wakunga mia mbili na sitini wameshakifungua, na hakuna aliyelalamika.

Zawar alitoka mbio kununua jalebi, vile vitamu vya kukaangwa, kandambili moja ikabaki mlangoni. Mimi nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Rubab akampa Shangazi simu, akakuza herufi mpaka maneno manne yakajaza kioo. Shangazi aliisogeza karibu na pua. Kidole chake kikaufuata mstari polepole.

"Nusu," akasoma. "Nusu kijiko cha chumvi."

Akafuta macho kwa ncha ya shela. Zawar akaingia na jalebi za moto, anataka kusimulia foleni ilivyokuwa ndefu.

"Weka hapo," alisema Shangazi. "Na msinisemeshe. Nasoma."