Mikono Isiyo na Kosa

Kila alasiri Panya alifanya kazi zake za shule kwenye kona ya kibanda cha mama yake, fundi cherehani. Darasa zima lilimwita Panya kwa sababu hakuna kalamu yake iliyodumu na kifuniko. Hesabu ikimshinda, aliyakaza meno na kutafuna kifuniko mpaka kikawa bapa.

Mdogo wake wa miaka mitatu naye alikuwa na mtindo wake. Akiamka tu, humwendea dada yake Panya moja kwa moja, akamshika mashavu kwa viganja viwili na kucheka.

Mitihani ilipokaribia, Panya alianza kuamka na maumivu ya taya.

"Bado unatafuna kalamu?" mama alimuuliza.

"Hapana, Mama. Ni jino tu."

Uongo huo ulimtoka kirahisi, na kalamu zikaendelea kuliwa.

Siku moja mdogo wake alimjia kama kawaida. Viganja vilipogusa mashavu, maumivu yalimpanda hadi sikioni, na kabla hajafikiri akamzaba kofi. Mtoto alianguka, mdomo ukachanika kwenye mguu wa cherehani. Alilia, akavitazama viganja vyake, kisha akavificha nyuma ya mgongo.

Kesho yake mama alimpeleka Panya kwa daktari wa meno. Daktari alimchungulia kinywani, akambonyeza shavu kidogo tu. Panya akaruka.

"Meno yako mazima kabisa," daktari alisema. "Hebu niambie ukweli, unatafuna nini?"

Panya aliangua kilio, akasema yote.

"Basi misuli ya taya imechoka. Ikichoka hivyo, hata mguso mwepesi huuma. Meno yakutane wakati wa kula tu. Muda mwingine funga midomo, lakini meno yaachane. Jikande kwa kitambaa cha maji ya moto, na ule vyakula laini."

Wiki tatu baadaye taya lilipona. Mtoto, hata hivyo, alimwita dada kwa mbali, mikono nyuma. Hilo lilimuuma Panya kuliko taya lenyewe.

Jioni moja alipiga magoti mbele yake. "Mikono yako haina kosa, mdogo wangu. Mwenye kosa ni mimi."

Mtoto alinyoosha kidole kimoja, akamgusa kidevu, akakirudisha upesi.

"Mama, ataacha lini kuniogopa?"

Mama aliacha kushona. "Sijui, mwanangu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ungesema kweli nilipokuuliza, ungepona bila mtoto kupigwa. Sasa usimvute. Kaa karibu naye, atakuja mwenyewe akiwa tayari."

Panya aliketi sakafuni, akasubiri.