Laini Iliyobaki Shimoni

"Kachipu kadogo hivi?" Zuwena alicheka, kilemba chake cha zambarau kikimteleza. Duka lake la vipuri vya simu, sokoni Shinyanga, lilikuwa limefurika wateja. "Fundi mzima kutoka Geita, nilidhani unataka kompyuta."

"Kompyuta ya nini, mrembo? Inajua mambo elfu, inakula umeme, vumbi likiingia inazimia," alijibu Nassibu. "Haka kazi yake moja. Kanapima maji shimoni mgodini, kanawasha pampu, kanalala. Kabetri kadogo kanatosha wiki nzima."

"Na wewe una kazi ngapi?"

"Kuanzia leo moja tu. Kukufuata."

Jamani, akamfuata kweli! Miezi mitatu ya "umekula, mpenzi?" kwa simu, asubuhi na jioni. Baba yake Zuwena akachoka kusubiri: barua ya posa ya Nassibu ifike kabla ya swala ya Ijumaa, la sivyo anapokea ya Salmini, mposaji mwingine.

Jumatatu simu ya Nassibu ikaita bila kupokelewa. Jumanne vilevile. Zuwena akapiga, akabipu, akalia, akapiga tena. Chakula hakishuki, usingizi hauji. "Ana mwanamke huko!" Alhamisi alfajiri akavaa dera lake jekundu, akapanda basi la Geita.

Alimkuta kwenye mdomo wa shimo, tope hadi kwenye nyusi.

"Mara arobaini nimekupigia, Nassibu! Arobaini!"

Wachimbaji wakaangua kicheko. "Kumbe ni shemeji anayetuwashia pampu!"

Nassibu akajishika kichwa, akaeleza. Jumapili maji yalipanda ghafla. Mtambo wa kachipu ulihitaji laini ya simu ya kutuma onyo, na ya kubipiwa ukitaka kuijaribu pampu. Wakala wa laini yuko mjini, mbali. Akachomeka yake, na namba ya Zuwena ilikuwa humohumo.

"Hujaishika kichwani? Namba yangu?"

"Nisamehe, mpenzi. Naona aibu."

"Na pampu je, nimeiunguza?"

"Wala. Kila ukibipu kachipu kanawasha pampu, kanapima, kanakuta maji hakuna, kanazima. Mara arobaini, bila hasira."

"Mimi hasira ninazo!" Lakini alikuwa ameshamshika mkono.

"Ngoja niichomoe laini yangu, nimpigie baba yako."

"Usiiguse! Kuna watu huko chini." Akapiga kwa simu yake. "Shikamoo baba. Nassibu huyu hapa."

"Marahaba. Posa ya simu siitaki! Ya Salmini imefika, sijaifungua. Huyo aniletee yake kesho kabla ya swala ya Ijumaa. Tena aoge!"

Zuwena akatoa karatasi na kalamu mkobani. Alivibeba tangu nyumbani, na hasira zake zote. Nassibu akajifuta tope kwenye suruali, akapiga goti juu ya kiroba cha mawe.

"Basi la mwisho linaondoka saa tisa," Zuwena akasema. "Andika, mume wangu. Andika!"