Mgeni wa Upande Wako

Mimi mdomo wangu hauna breki, na ndugu zangu wananisema kila siku. Lakini laiti dada yangu angekuwa na nusu tu ya mdomo huu, haya nisingeyasimulia. Yalitokea nyumbani kwake, na sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu haya mawili.

Dada ni fundi cherehani, anashona sare za shule barazani kwake. Mumewe, shemeji yangu, anatengeneza mafriji mjini. Wana binti mmoja wa miaka minne, tunamwita Kidoti, na paka mnene aitwaye Bosi, anayelala kitandani kwa mtoto utadhani ndiye mwenye nyumba.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, dada alikuwa anapinda marinda, pini kibao mdomoni. Akaingia mama mmoja wa makamo, kavaa nadhifu, mkoba mkononi.

"Usisimame, mwanangu, endelea na kazi. Njia naijua."

Akapita ndani. Mpaka dada anamaliza kutema pini, mgeni keshavua viatu, kakaa kitandani kwa Kidoti. Bosi akatoka mbio kupitia dirishani, akapanda ukuta wa nje, akagoma kushuka.

Dada akajisemea, huyu ni mmoja wa mashangazi wa mume wangu. Shemeji ana mashangazi saba, nani atawajua wote? Jioni shemeji akarudi, akakuta mgeni kamtengea maji ya kuoga. "Pole na kazi, baba." "Shikamoo, mama." "Marahaba." Naye akajisemea, huyu ni wa upande wa mke wangu.

Mtasema, si wangeulizana? Hapo mniwie radhi, kosa ni langu. Mwaka uliotangulia nilikwenda kwao kwa siku mbili, nikakaa wiki tano. Shemeji alipouliza naondoka lini, ndoa ilitaka kuvunjika. Walipopatanishwa wakaahidiana: ndugu wa mwenzako akija, unatabasamu, unaongeza maji kwenye mchuzi, unanyamaza. Kuuliza si ujinga, lakini wale wawili waliapa kutouliza.

Na mgeni mwenyewe hakuwa na baya. Alifagia, alifua, alimwogesha Kidoti. Chakula tu ndicho hakugusa, kila akikaribishwa anasema ameshakula. Siku ya pili Bosi alichungulia mlangoni, akamwona, akavimba manyoya na kumfokea mbele ya wateja. Dada kwa aibu akamtandika paka wake kandambili.

"Nisamehe, shangazi, huyu mnyama hana adabu."

"Mwache," mgeni akasema. "Huyo anauliza tu."

Siku ya tatu akaja mteja wa siku zote kuchukua sare. Akasimama mbele ya dada, akauliza, "Mama Kidoti yupo?"

Dada akacheka. "Kwani mimi ni nani?"

"Usinitanie bwana. Nimetoka kuongea naye dirishani sasa hivi." Mteja hakuwa anacheka.

Usiku dada akanipigia simu, sauti chini kama mtu aliyejificha. "Njoo. Mtoto haniiti mama tangu jana."

Nilifika Jumanne mchana, jua kali, majirani wanaanika nguo. Nilimkuta Kidoti mezani, mgeni anamlisha kwa kijiko. Nikamwuliza kwa utani, "Mama yako yuko wapi?" Dada alikuwa pale pale, hatua mbili, kashika sahani. Mtoto akanyoosha kidole kwa mgeni.

Nikamvuta dada barazani. "Huyu ni nani?"

"Shangazi wa shemeji yako."

"Jina lake?"

Akatikisa kichwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii ilikuwa ya nne, na huyu hata jina hana! Nikampigia shemeji pale pale, nikaweka spika.

"Shemeji, shangazi yako anaondoka lini?"

"Shangazi yangu? Si mama yenu mkubwa huyo?"

Mama yetu mkubwa tulimzika nikiwa darasa la tatu. Dada aliangusha sahani. Tukaingia ndani.

Mgeni alikuwa kitandani. Kidoti mapajani. Keshamvalisha viatu. Mkoba uko mlangoni.

"Nipe mwanangu," dada akanong'ona.

"Mwite."

Dada akamwita. Akamwita tena. Mtoto alimtazama kama unavyomtazama mtu uliyekutana naye kwenye foleni. Dada yangu, aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, akapiga magoti mbele ya mwanawe, analia. Sijawahi kuogopa vile, wala kuona uchungu vile.

Nikauliza mimi. "We mama, ni nani wewe?"

Akageuka taratibu.

"Mngeniuliza Jumamosi," akasema kwa upole. "Sasa mtoto keshazoea."

Dada akamnyakua. Kidoti akapiga mayowe, "Mama! Mama!", mikono yote kwa mgeni. Mgeni akasimama, akaokota mkoba. "Basi, tusimlize." Akatoka. Nikamkimbilia mpaka getini. Majirani walikuwa pale pale na nguo zao.

"Kapita wapi yule mama?"

"Mama gani?"

Kidoti alilia mpaka alasiri, akalala. Alipoamka akasema, "Mama, nina njaa," na alikuwa anamwambia dada. Jamani! Tulilia, tukacheka, shemeji akaapa atamhoji kila mgeni kama polisi. Tukadhani yamekwisha.

Shule zilipofunguliwa, mimi na dada tukampeleka Kidoti chekechea. Dada akataja jina lake, mwalimu mkuu akachukua kadi ya kliniki ya mtoto, akaanza kujaza fomu. Akanyanyua macho, akamtazama dada.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

Mwalimu akaigeuza kadi tuione. Penye jina la mama palikuwa na jina tusilolijua. Mwandiko wa nesi yule yule. Wino ule ule, umefifia sawa na mistari mingine. Mimi nilisimama kando ya kitanda nesi alipoijaza kadi ile. Aliandika jina la dada yangu.

Tulikwenda hospitali. Daftari la wazazi lina jina lile. Cheti cha kuzaliwa, lile lile. Na kwenye kila karatasi, penye makazi ya mama, imeandikwa namba ya nyumba ya dada.

Shemeji anataka wahame. Dada hataki hata kusikia. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu kwa kunong'ona, macho kwenye mlango wa chumba cha mtoto.

"Nikihama, nitamtoaje mtoto nyumbani kwa mama yake?"