Mihimili ya Lori la Buluu

Nafula alikuwa akifagia vipande vya chuma katika karakana ya mamake, Kayole, kama afanyavyo kila Jumamosi, mwanamke asiyemjua alipoingia. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mihimili miwili mirefu ya chuma iliyolazwa kando ya ukuta, akapiga magoti, akapapasa ufa.

Mihimili hiyo ilikuwa imebeba lori la buluu lililokuwa likiundwa upya uani. Lori lilikuwa limeshafungwa mipya. Ile ya zamani, kwa desturi ya mafundi wa pale, ilikuwa mali ya mamake, Triza.

Mgeni alisema anaitwa Syombua. Kaka yake ndiye aliyekuwa dereva. Ufa ulikuwa umechomelewa na kupakwa rangi, naye akaambiwa lori ni zima. Lilimkatikia mteremkoni, akafa.

"Niahidi haitaingia chini ya lori lingine," alisema.

"Nakuahidi, anti."

Alipoondoka ndipo Nafula alipokumbuka. Gachanja, mwenye malori, alikuwa amepatana na mamake kuinunua, na malipo hayo ndiyo yangempeleka Nafula ziara ya shule Mombasa.

Hakumwambia mtu. Lakini jua liliposhuka, chuma kilianza kupoa na kulia, tik, tik, na katika kila mlio Nafula alimwona mtu kwenye usukani, akiimba, asijue kilichokuwa chini yake. Hata kitandani alimwona. Hakuwa na uso.

Jumatatu jioni Gachanja alikuja kuichukua mihimili. Triza alimwonyesha ufa.

"Mama Nafula, huo ni mkwaruzo tu," alicheka. "Tutachomelea, tupake rangi. Nani atalala chini ya lori kuutafuta?"

Hapo Nafula alieleza yote. Mamake alimuuliza kama anajua basi la shule litaondoka bila yeye. Akaitikia kwa kichwa.

"Kumbe siku hizi karakana inaendeshwa na mtoto?" Gachanja akauliza.

"Leo, ndiyo," Triza alijibu.

Gachanja aliondoka akinung'unika. Triza akamgeukia bintiye. "Uliahidi bila kufikiri, lakini bado ni ahadi. Na chuma chetu hubeba watu tusiowajua. Anayeficha ufa anawadanganya hao wote."

Walianza kuikata mihimili vipande vifupi, visivyoweza kuungwa tena. Ijumaa asubuhi, wenzake walipokuwa wakipanda basi, Nafula alikuwa ameinama uani, akishikilia kipande cha mwisho ili mamake akikate.