Upande wa Pili wa Petardi

Petardi ya sitini ilikataa kuvutika, na jambo hilo lilimuudhi Donat Kambere kabla halijamtisha.

Hamsini na tisa za kwanza zilikuwa zimekubali zote. Petardi ya sherehe ni kazi ya watu wawili: huyu anashika ncha hii, yule anashika ncha ile, mnavuta, mrija wa karatasi unaachana katikati na peremende zinamwagika mezani. Lakini Donat, fundi radio wa Murara, alikuwa mtu wa kufanya kazi peke yake. Kabla ya kuutia mrija gundi na kuuvisha karatasi ya rangi, aliujaribu kwa kufunga ncha moja kwa uzi kwenye msumari wa ukutani, kisha akaivuta ncha ya pili mwenyewe. Msumari haugombani na mtu, alipenda kusema.

Ile ya sitini aliivuta kidogo, ikagoma. Akavuta tena, na upande wa msumari nao ukavuta.

Haukuvuta kwa nguvu. Ulivuta kama mtoto anayekuvuta kidole sokoni ili usimame kwenye ndizi. Donat aliachilia. Mrija ukabaki ukining'inia kwenye uzi wake, ukiyumba, na ilikuwa saa tisa mchana, mlango wazi, jirani anatwanga sombe, majani ya mhogo, uani, jua limejaa chumbani. Akajiambia ni gundi haijakauka. Halafu akakumbuka kwamba ile bado hakuwa ameitia gundi.

Kazi yenyewe ilikuwa imezaliwa na woga. Novemba ya mwaka ule, 2012, waasi waliingia mjini, wakakaa siku zao chache, wakaondoka, wakawaachia watu masikio mabovu: mlango ukibamizwa na upepo, mtaa mzima unainama. Mama Béata, mwenye ukumbi wa sherehe, akamwendea Donat na shida yake ya sherehe ya Mwaka Mpya.

"Fundi, batu banataka kufurahi ku Bonané," alisema. "Lakini ukinifanyia petardi ya kulia pwaa, salle yote italala chini ya meza. Mi nataka yenye hailie."

"Petardi yenye hailie ni karatasi tu, mama."

"Basi iimbe."

Neno hilo lilimkaa kichwani. Akanunua kadi za Kichina za kumbukumbu ya kuzaliwa, zile zinazoimba ukizifungua, akatoa vidude vyao vya muziki, akabuni ulimi mwembamba wa plastiki unaokaa kati ya betri na waya: ukivuta petardi, ulimi unachomoka, umeme unapita, muziki unaanza. Alitupa mirija kumi na minne kabla hajapata mmoja uliokubali. Siku ulipokubali alicheka kwa sauti, na mkewe Eugénie akaja mbio kutoka jikoni kutazama ni nani anacheka nyumbani kwake.

Tatizo ni kwamba kadi ziliishia kwenye ya hamsini na tisa, na Mama Béata alitaka sitini. Bonané ilikuwa inabisha hodi. Ndipo Donat akavuta kutoka chini ya kitanda sanduku lake la zamani la bati, ambalo hakuwa amelifungua tangu mwaka mlima ulipotapika.

Ndani kulikuwa na kidude kimoja cha muziki. Alikijua. Kilitoka kwenye kadi ya Noeli ya binti yao, Daniella, aliyeifungua na kuifungua tena mpaka betri ikafa, akalia, na Donat akamwahidi kumwekea nyingine. Mtu mwenye akili angekirudisha na kufunga sanduku. Lakini fundi akikaribia kumaliza kazi hana akili, ana haraka tu. Alikifuta vumbi, akakipa betri mpya, akakitia kwenye mrija wa sitini.

Sasa inabidi lisemwe jambo ambalo Donat hakuwahi kulisema. Januari 2002, moto wa mlima Nyiragongo ulipoteremka mjini, Eugénie alikuwa Butembo kwa wazazi wake. Donat alikimbilia bariyeri ndogo, kivuko cha mpakani, pamoja na mji mzima, mkono wa kushoto umeshika lile sanduku la bati la vifaa, wa kulia umemshika Daniella, mtoto wa miaka mitano. Karibu na bariyeri watu walisukumana, na kamba ya sanduku ikakatika. Donat akaachilia mkono wa mtoto. Aliinama tu, akaliokota sanduku kwa mikono miwili, akainuka, na mtoto hakuwepo. Aliita mpaka sauti ikakauka. Wiki tatu alizunguka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, akisoma orodha za watoto waliookotwa, akauliza kila hema, akafunua kila blanketi aliloruhusiwa kufunua.

Kwa Eugénie alisema kwamba watu walimpokonya mtoto mkononi.

Uongo huo ndio uliobeba nyumba yao kwa miaka kumi. Eugénie alikataa katakata watu wakae kilio, maana aliyepokonywa na watu yuko kwa watu, na iko siku watamleta. Jioni aliacha sahani ya tatu mezani. Majirani walikuwa wamekwisha kuacha kumwita mumewe Papa Daniella, kwa huruma, lakini yeye hakuacha hata siku moja. Na Donat alimpenda mke huyu. Alijua kwamba siku atakayosikia habari ya sanduku, hatabaki.

Kesho yake, ilipofika saa tisa, harufu ilitangulia. Haikuwa ya mkaa wala ya takataka. Ilikuwa harufu ya ndala za plastiki zinazoyeyuka, na Donat alijua ni wapi aliinusa mara ya mwisho. Nyumba yao mpya ilijengwa juu ya ile ya zamani, juu ya jiwe jeusi lililoizika, jiwe lililopoa zamani na kuota hata nyasi. Lakini sasa sakafu ilikuwa vuguvugu chini ya nyayo zake. Alichukua petardi ya sitini, akatoka nayo, akaenda hadi kwenye ufa wa mawe nyuma ya kanisa na kuitumbukiza humo, akasikia ikigonga jiwe mara mbili chini huko, akageuka kurudi, na njiani, katikati ya watu wanaouza maharagwe na vijana wa pikipiki wanaogombania abiria, kitu kidogo chenye joto kikakitafuta kiganja chake cha kulia, kikakipapasa kidole kimoja kimoja, kikakishika, naye asithubutu kutazama chini wala kukunja mkono wala kukimbia, akatembea hivyo hivyo, mkono umenyooka kando yake, akiwaitikia waliomsalimu, mpaka alipoingia mlangoni mwake na kuikuta petardi ikining'inia kwenye msumari, na muziki ukitoka ndani yake taratibu, wimbo wa Noeli uliokosa noti mbili, na mbele ya meza, kwenye sementi aliyoifagia mwenyewe asubuhi, nyayo ndogo za majivu zilizokuja moja kwa moja hadi mahali anaposimama akifanya kazi, upande wa kulia, zikakomea hapo.

Eugénie alikuwa amesimama kizingitini na beseni la nyanya kutoka soko la Virunga.

"Papa Daniella," alinong'ona. "Ni nani iko anachoma ndala?"

"Hakuna mutu."

"Na ile muziki?"

"Ni betri. Betri mbaya."

"Usinidanganye." Aliliweka beseni chini polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Ile njo muziki ya kadi yake."

Akauendea ukuta. Eugénie alishika ncha kwa vidole viwili, akavuta kidogo, akasubiri. Uzi ukakaza. Donat alidhani atapiga kelele, lakini uso wa mkewe ulifunguka, ukawa uso wa yule msichana aliyemwoa Butembo, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko nyayo.

"Amenijibu," alisema Eugénie. "Papa Daniella, mutoto amenijibu."

Usiku ule aliweka sahani ya tatu chini ya msumari, na asubuhi hakwenda sokoni. Mtaani wakaanza kunong'onezana kwamba kwa fundi kumeingia jini. Donat hakusubiri. Alipanda pikipiki hadi Ndosho kumtafuta Mama Ernestine Cirimwami, mama wa maombi aliyesifika kwa kutoa majini ya kila namna, hata yale yanayodai pombe. Maombi ndiyo aliyokwenda kuomba, lakini moyoni alikuwa na lake: kitu kile kifukuzwe kabla hakijasema.

Mama Ernestine alikuja saa nane na nusu, mwanamke mfupi mwenye pumu, chumvi kwenye mfuko wa nailoni na maji ya baraka kwenye chupa ya Fanta. Akaketi, akaomba maji ya kunywa, akailaumu ngazi ya mawe. Ilipofika saa tisa na harufu ikaingia, aliacha kulaumu. Alinyunyiza chumvi kwenye pembe zote, akaita jina la Yesu mara tatu, akashika ncha ya petardi na kuvuta. Akavutwa. Alikaa hivyo muda mrefu, macho amefumba, huku akihema kwa shida. Kisha akairudisha ncha polepole mpaka uzi ukalegea bila kushtuka.

"Papa, mi nimetoa majini mingi," alisema kwa sauti ya chini. "Jini inakuvuta juu ikuangushe. Hii haiko ile. Hii inashika juu ya kuogopa kuachiliwa tena." Akamtazama Donat. "Ni nani alimuachilia?"

"Hakuna mwenye alimuachilia," Eugénie alijibu haraka. "Batu balimupokonya. Bwana yangu alimushika mpaka mwisho. Mwambie, Papa Daniella."

Donat akautazama msumari. Muziki ukaanza wenyewe ndani ya mrija. Kwenye rafu, ndani ya karatasi zao nyekundu na za dhahabu, zile hamsini na tisa zikaanza nazo, moja baada ya nyingine, kila moja ikiacha wimbo wake wa Kichina na kuimba ule ule wa Noeli wenye noti mbili zilizopotea, mpaka chumba kizima kikawa kinaimba kwa vijisauti vyembamba kama vya mbu, na sakafu ikazidi kuwa ya moto, na joto lile dogo likarudi kwenye kiganja chake cha kulia na kushika, na akaelewa kwamba halikuja kulipiza kisasi. Lilikuwa limemshika yeye kwa sababu yeye ndiye baba.

"Ni mi," alisema. Eugénie hakugeuka. "Kamba ya sanduku ilikatika. Nikamuachilia mutoto, nikaokota sanduku. Hakuna mwenye alimupokonya, Eugénie. Nilimuachilia mi mwenyewe."

Petardi zote zilinyamaza.

Eugénie alitazama chini ya kitanda, ambako ukingo wa sanduku la bati ulionekana. Kwa miaka kumi alikuwa amelifagilia pembeni kila asubuhi. Hakulia wala hakutukana, na Donat angetoa kila alichonacho atukanwe.

"Aliita?" aliuliza.

"Sikumusikia. Kulikuwa makelele."

"Basi aliita."

Akamwendea Mama Ernestine, akaipokea ncha mkononi mwake. Akapiga magoti ili mkono wake uwe chini, kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitano.

"Daniella, ni mama," alisema. "Nilikuwa mbali siku ile, unisamehe. Nikakaa na kukungojea kumbe we njo ulikuwa unatungojea siye. Imetosha sasa. Mama hakuachilii. We njo utaachilia, ukitaka, polepole. Mama itabaki imeshika."

Muda ukapita. Jirani alikuwa ameacha kutwanga. Kisha uzi ukalegea kidogo, ukakaza, ukalegea, na mrija ukaachana katikati bila kishindo. Muziki ukatoka tangu mwanzo hadi mwisho na noti zake zote, hata zile mbili, ukaisha. Harufu ikaondoka. Mama Ernestine aliishika sakafu kwa kiganja na kusema imepoa.

Walikaa kilio siku tatu, kama inavyotakiwa, ingawa ilikuwa Bonané. Majirani walileta makaa na viti, na picha ya Daniella ikawekwa mezani. Mama Béata alituma mtu kuchukua zile hamsini na tisa, hakuuliza ya sitini. Wanasema ukumbini watu walivuta wakacheka, na hakuna hata mmoja aliyeinama. Siku ya nne Eugénie alifunga kitenge chake, akamwita mumewe Donat, bila Papa, na kumuaga kwa heshima. Alipanda gari la Butembo, na hajarudi.

Fundi yupo bado Murara. Jini limetoka, kila mtu anakubali, na wateja wamerudi na radio zao. Lakini ikikaribia saa tisa anawaomba wamsubiri nje kidogo. Anauunganisha mrija ule ule wa sitini, anaufunga kwenye msumari, anashika ncha yake kwa mkono wa kulia, na kuvuta taratibu sana, ili kama kuna mtu upande wa pili apate muda wa kushika. Mrija unaachana mara moja, na muziki unaanza.