Imechacha

"Hamira hakuna."

Hilo lilikuwa duka la tano. Tasnim alisimama barazani, mkabala na steji ya Garsen, pindo la buibui lake limelowa matope, na bintiye Zamzam, wa miaka mitatu, amemlalia begani. Nyuma yao basi la Lamu lilikuwa likipiga honi. Makondakta walivutana juu ya abiria mmoja, akina mama wa Kipokomo walipita na ndizi vichwani, na mbuzi wa mtu walipenya katikati ya miguu ya watu kama wenye tiketi. Mvua za vuli zilikuwa zimeikata barabara ya Malindi kwa siku nne, nazo zikaondoka na hamira ya mji mzima. Na Tasnim, tangu apewe talaka akiwa na mtoto wa miezi saba, alikuwa akila kwa kuuza mikate.

"Hata pakti moja, kakangu? Hata ya zamani?"

Mwenye duka alicheka. Alikuwa kijana mrefu wa Kisomali, shati jeupe lililopigwa pasi, kikoi cha mistari ya kijani, kalamu kaipachika sikioni. "Dada, ya duka imeisha. Lakini ile ya nyumbani yetu haijaisha tangu mimi nizaliwe."

"Hamira gani isiyoisha? Ya majini?"

"Ya mama."

Akamweleza. Mamake, Kafia, alipika anjera, chapati nyembamba za Kisomali, kila asubuhi, na kila asubuhi alibakiza kikombe kimoja cha unga mbichi uliochachuka. Kile kikombe alikipa unga na maji, kikafura tena, kesho yake akapikia. Walipohama kutoka Bangale alikipakata njia nzima ndani ya kopo la maziwa ya unga, kama mtoto mchanga. Siku nyingine masalio yalizidi, akawapa kuku.

"Kesho kuku watafunga," alisema kijana. "Jina langu Abdirahman."

Kweli, kesho yake akaleta kikombe, kimefunikwa kisahani. Alikiweka juu ya kaunta, akaondoa mkono, ndipo Tasnim akatia wake. Vidole havikugusana. Lakini harufu ile ya ukali, kama embe bichi na maziwa ya mgando, ilimpanda puani, na kwa sababu asiyoijua mwenyewe alicheka.

Mkate wa kwanza uligoma, ukawa mgumu kama tofali. Wa pili uliona haya kuumuka. Wa tatu Tasnim aliukanda alasiri, akauacha hadi alfajiri, akaupaka samli iliyopondewa kitunguu thomu na kotmiri. Ndani alitia jibini aliyoitengeneza mwenyewe: maziwa ya ng'ombe kutoka Minjila, akayakata kwa ndimu, akayakamua kwenye kitambaa cha leso na kuyatia chumvi. Akaweka sufuria juu ya jiko, akapalia makaa juu ya kifuniko kama bibi yake wa Kipini alivyopalia mkate wa mayai. Alipofunua, majirani wawili walikuwa tayari mlangoni wanauliza kuna nini.

Steji iliupa jina siku hiyo hiyo. "Mkate wa chizi!" alipiga kelele Dado, kondakta. "Chizi nani, aliyepika au anayekula?"

"Anayeuliza bei wala hanunui," Tasnim alimjibu, na abiria wa basi zima wakaangua kicheko.

Basi ikawa kila siku ya pili kikombe cha masalio kinatoka nyumbani kwa Kafia, kinapita dukani, kinaishia jikoni kwa Tasnim. Punde Tasnim akawa na kopo lake mwenyewe la kulisha unga. Na kila magharibi, akitoka darasa la jioni alikosomea kufanya mtihani wa sekondari alioukosa kwa kuolewa mapema, simu ililia, Abdirahman.

"Umelisha mtoto?"

"Yupi? Wa tumbo langu au wa mamako?"

"Yote."

"Wote wamekula. Mwenye njaa ni wewe."

"Njaa yangu haiishi na mkate, macaan." Hilo lilikuwa neno la kwao, neno la utamu.

"Ondoka huko! Kwanza jifunze Kiswahili."

Maana Kiswahili cha Abdirahman kilikuwa cha Bangale, kimejengwa haraka kama kibanda cha mvua. Siku moja ya Februari, duka limejaa watu, aliegemea kaunta akasema kwa sauti aliyoidhania ya chini: "Tasnim, mimi nataka kukuoza."

Tasnim aliliinua deraa lake la zambarau lisiburuze sakafuni, akamtazama.

"Kunioza kwa nani? Au wataka nioze kama papai?"

"Kukuoa! Kukuoa, wallahi!" Masikio yalimwiva. Mzee mmoja aliyekuja kununua sukari akaisahau.

Tasnim alikichukua kikombe chake akatoka. Alijibu magharibi, kwenye simu, kwa sauti ndogo: "Lisemee kwenu. Kwetu nina kakangu Athmani tu, naye hasemi mengi."

Kwao ndiko kulikokuwa na mlima. Baba alikuwa marehemu. Neno lilikuwa la Adeer Olow, kaka wa baba, aliyebaki Bangale na ngamia wake. Atakubalije mwanamke wa watu wengine, tena mwenye mtoto? Na Kafia mwenyewe, ambaye hamira yake ilikuwa ikimlisha Tasnim miezi mitano, hakuwahi kusemezana naye hata salamu. Vikombe vilienda na kurudi. Maneno hayakufuatana navyo.

Mwezi wa Aprili masika yakaanza kunguruma, naye Abdirahman akaanza safari ya Bangale. "Lisha watoto," alisema mlangoni mwa basi. "Nikirudi nataka ile mkate, moto."

"Ule mkate."

"Ule. Unaona? Nimeshajifunza."

Ikapita wiki, zikapita siku tatu. Mto ulikuwa ukipanda. Watu wa mashambani walikuwa wameanza kuingia mjini na magodoro. Jumatatu alasiri, mikono ikiwa ndani ya unga, Tasnim alisikia simu ikitetema, akaifungua kwa kiwiko.

*Nimeongea na adeer. Maneno yetu imechacha. Simu inazima chaji.*

Aliisoma mara tatu. Kisha akakaa chini, kwenye sakafu, kama mtu aliyeondolewa kiti.

Kwao Kipini, kilichochacha hakina dawa. Mchuzi ukichacha humwagwa, chungu kikasuguliwa kwa majivu. Mtu hauulizi mchuzi kwa nini. Alipiga: nambari haipatikani. Alipiga tena na tena. Mwisho, kwa kile kiburi kidogo ambacho maskini hukiweka akiba kwa siku kama hizo, akaandika neno moja: *Sawa.*

Jioni hiyo Athmani alimpigia kutoka Kipini kumuuliza hali ya maji, akamkuta analia.

"Si nilikwambia? Garsen una nini huko?"

"Nina... sina kitu, kakangu."

"Ijumaa nakuja kukuchukua. Funga vitu vyako."

"Njoo."

Jumanne mtandao ukafa. Jumatano mto ukavunja kingo, maji yakaifunika barabara ya Minjila iendayo Bangale, yakalala juu yake manene, ya rangi ya chai ya maziwa, kana kwamba hapajawahi kupita gari. Shule ya darasa la jioni ikajaa familia za mafuriko; ubao uliokuwa na hesabu za mwalimu Tuneya ukaanikiwa nguo. Unga ulikwisha madukani. Tasnim alikaa kizingitini na Zamzam, akitazama maji, na hakukuwa na kitu hata kimoja duniani alichoweza kukisukuma, kukivuta wala kukiita kikaja. Kopo alilisukuma uvunguni. Hakulilisha.

"Mama, mtoto wa kopo analia," alisema Zamzam.

"Halii. Amelala."

Alhamisi, vitu vimekwisha kufungwa, alilitoa. Juu pamesimama maji ya kijivu, na harufu ilimpiga hadi machozi. Alitaka kulimwaga. Lakini amana haimwagwi; amana hurudishwa. Akavaa buibui, akamshika Zamzam mkono, akaenda nyumbani kwa Kafia kwa mara ya kwanza.

Kafia alikuwa mwanamke mwembamba, shungi la rangi ya kahawia hadi kiunoni, tasbihi mkononi. Alimtazama Tasnim, akamtazama mtoto, hakuonyesha mshangao.

"Asalamu aleikum, mama. Mimi ni..."

"Najua wewe. Karibu."

"Sikai, mama. Nimekurudishia chako. Ahsante kwa miezi yote." Akalinyosha kopo kwa mikono miwili. "Uniwie radhi. Imechacha."

Kafia alifunua. Akainamisha pua. Akazamisha kidole, akakilamba. Na uso wake wote ukafunguka kwa tabasamu.

"Mashallah! Imechacha!"

Tasnim alidhani anachekwa. "Mama, wanicheka?"

"Nakucheka kwa nini? Imechacha vizuri! Ina njaa kidogo, unampa unga, anaamka. Sasa isipochacha utapika nini? Tope?"

"Kwani... kwenu, kitu kikichacha..."

"Iko tayari. Unapika." Kafia alimkazia macho. "Kwenu?"

"Kwetu kimeharibika. Kwetu twamwaga."

Kuku mmoja alikatiza ukumbini. Tasnim alitoa simu, akamsomea ule ujumbe kwa sauti. Kafia alisikiliza, kisha akajipiga paja kwa kiganja, akajipiga tena, akasema kwa Kisomali maneno marefu ambayo hayakuhitaji mkalimani.

"Huyu mtoto! Mimi ndio nimemfundisha hii Kiswahili! Amesema maneno yako imekubaliwa, iko tayari kwa moto, na wewe umejibu nini?"

"Sawa."

"Sawa!" Kafia alicheka hadi akashika ukuta. "Basi huko anajua umekubali!"

Tasnim alilia na kucheka kwa pamoja, jambo lisilompendeza mtu yeyote usoni, na Kafia akampa ncha ya shungi lake ajifutie. Lakini kicheko kilipokwisha, maji yalikuwa pale pale. Mtandao hakuna. Barabara ya Minjila hakuna. Na Ijumaa ilikuwa kesho.

"Tufanye nini, mama?"

"Ya mto hatuwezi. Ya mkate tunaweza." Kafia aliburuta kimfuko cha unga alichokificha nyuma ya kitanda. Nusu ya kopo wakailisha. Nusu ya pili, yale masalio makali ambayo kuku waliyangojea bure, wakayakanda kwa unga, chumvi na samli. Tasnim aliponda thomu. Kafia aliyakata maziwa kwa ndimu, akiguna kwamba maziwa mazuri yameuawa.

Alfajiri wakapalia makaa. Kafia alimega kipande, jibini ikiwa imekauka pembeni rangi ya dhahabu, akatafuna akitazama juu. "Hii thomu inanuka. Mtu hawezi enda msikitini." Akanyosha mkono. "Leta ingine."

Athmani alifika saa nne kwa gari la kuazima, kwa njia ya Kipini iliyokuwa bado inapitika, suruali imekunjwa magotini. Akamkuta dadake kwenye ukingo wa maji, mwisho wa lami, na mkate umefungwa kwa leso, na mama wa Kisomali kando yake.

"Vitu viko wapi?"

"Siendi, kakangu."

"Jumatatu ulilia kwenye simu. Leo hwendi. Kumebadilika nini?"

"Neno. Sikulifahamu neno."

"Neno moja?" Athmani alitazama mbingu. "Wataka nirudi Kipini niwaambie watu nimeshindwa na neno moja?"

Tasnim angemwonyesha nini? Ujumbe wenye makosa ya sarufi na kopo la unga mchachu? Alisimama tu, mkate ukimchoma kifua kupitia leso. Upande wa pili, mbali, watu wa Minjila walionekana kama punje za mtama.

Ndipo simu ikatetema. Ikatetema tena, ikamimina jumbe za siku nne zilizorundikana. Kisha ikalia.

"Macaan! Mimi niko Minjila tangu jana! Boti inabeba wagonjwa na dawa tu. Nimewaambia mimi ni mgonjwa, wamekataa!"

Tasnim alibonyeza sauti kubwa, akamnyoshea kaka simu.

"Mimi ni Athmani. Sema ulicho nacho."

Upande wa pili ulikohoa, ukajipanga. "Kaka Athmani. Adeer amekubali. Mama amekubali. Na mtoto Zamzam nampokea kama wangu. Nilitaka kuja mbele yako kwa heshima, lakini maji." Akavuta pumzi. "Mimi namuoa. Wewe unamwoza. Leo nimesema sawa?"

Kafia alifumba macho kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Athmani alimtazama dadake, akayatazama yale maji yasiyo na mwisho.

"Umesema sawa. Lakini kwa maji haya, bwana harusi, sote tutaoza hapa kabla ya harusi."

Kafia alicheka wa kwanza. Mwenye boti, anayepakia maboksi ya dawa, alikubali kubeba leso moja yenye mkate hadi Minjila. Tasnim aliitazama ikienda, ikiwa nukta, ikipotea machoni. Hakuweza kuifuata.

Siku tisa zaidi barabara ilikaa chini ya maji. Kila magharibi simu ililia.

"Umelisha mtoto?"

"Wote wawili."

"Na mimi?"

"Wewe," alisema Tasnim, akifunika kopo kwa kisahani, "ngoja uchache."